Kwa binti wa kaka yangu: jinsi ya kumtafuta mama wa bibi yako

Mwanangu,

Umetaka kujua upande wa mama yako, na mpaka sasa unalo jina moja tu: Mama Fulani wa kule Matombo, milimani Uluguru, Morogoro. Hilo ni jina la mtoto wake. Jina lake mwenyewe lipo, ila usiende kulitafuta kwenye karatasi za serikali kwanza. Tangu Wajerumani walipoanza kutoza kodi mwaka 1898, walioandikwa zaidi ni wanaume waliolipa. Cheti cha kuzaliwa kwa mwanamke wa kijijini aliyezaliwa kabla ya Uhuru ni bahati sana kukikuta.

Anza na watu. Katika Waluguru mtoto ni wa lukolo, yaani ukoo, ya mama yake, kwa hiyo upande unaoutafuta ndio hasa unaokumbukwa. Mwulize mkubwa wa mama zako aliye hai, kisha mjomba anayejua mashamba ya ukoo, kwa sababu madai ya ardhi hupita kwa akina mama na yeye hulazimika kuyajua majina yao. Usiulize "ndugu zake ni akina nani?" Utatajiwa dada, binamu na watoto wa mama wadogo, wote pamoja. Uliza: "Alizaliwa tumbo moja na nani?" Halafu: "Nani alimwachisha nani ziwa?" Hapo ndipo watoto waliofariki wachanga hutajwa, na mfuatano wao hukuonyesha miaka, maana kati ya mtoto na mtoto mara nyingi ilipita miwili au mitatu. Pengo la miaka sita lina sababu: mimba zilizoharibika, mume aliyekwenda manamba (kibarua cha mashamba makubwa ya mbali), au ndoa ya pili ambayo hakuna aliyekutajia.

Kila mwanamke mpe ukurasa wake. Andika jina la utotoni, la ubatizo, la kuitwa kwa mtoto, lukolo yake, lukolo ya baba yake, alikozaliwa, alikoolewa, alikozikwa. Pembeni andika nani kakueleza na lini. Wawili wakipishana, andika kauli zote mbili, usichague.

Miaka usiiulize moja kwa moja, utapewa ya kukisia. Uliza matukio. Waingereza waliingia Morogoro Agosti 1916: alikuwa mtoto wa mgongoni, au alishavunja ungo? Kama alishavunja ungo karibuni, kadiria alizaliwa kama mwaka 1902, andika "takriban". Operesheni Vijiji ya miaka ya sabini, watu walipohamishiwa vijiji vipya, nayo ni alama nzuri, na tena hueleza kwa nini kaburi liko mbali na nyumba za sasa.

Kuna kosa linaloharibu kazi nzima. Mjukuu hupewa jina la bibi, basi jina lilelile hurudi baada ya kizazi kimoja, na wanawake wawili huunganishwa kuwa mmoja. Pima kila mara: mama awe na umri wa kati ya miaka 15 na 45 hivi alipojifungua. Ukipata 9 au 60, umeruka kizazi au umechanganya watu.

Sasa nenda parokiani. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, wakapanda bara kutoka huko, na kila parokia hutakiwa kuwa na daftari la ubatizo. Daftari humwandika mama kwa jina, ndiyo maana nalipenda kuliko karatasi zote. Tafuta kadi ya ubatizo ya mtoto wake yeyote. Namba yenye herufi LB (*Liber Baptizatorum*, daftari la ubatizo) itampeleka katibu wa parokia kwenye mstari wenyewe. Vitabu vya zamani ni vya Kilatini: *filia* ni binti, *mater* mama, *uxor* mke, *vidua* mjane, *matrina* mama wa ubatizo. Soma na ukingoni mwa ukurasa, ndoa huandikwa pale. Mwandishi Mfaransa angeweza kuandika "ou" mahali pa "u", Mjerumani "dsch" mahali pa "j". L na R hubadilishana. Litamke jina kwa sauti kabla ya kusema halimo. Lisipokuwemo, uliza parokia hii ilimegwa kutoka ipi, ukatafute kule. Na wengi walibatizwa wakiwa watu wazima, hivyo mwaka wa ubatizo usiugeuze kuwa wa kuzaliwa. Omba ruhusa kwa paroko kabla ya kupiga picha. Kurasa hizo zina siri za watu wengine.

Kwa tawi la Waislamu, faili la mirathi ndilo lenye majina. Muhtasari wa kikao cha ukoo unaopelekwa Mahakama ya Mwanzo hutaja warithi, wake kwa waume. Angalia mafungu: marehemu akiwa na watoto, mke hupata moja ya nane na mama moja ya sita. Ukiona moja ya sita imetengwa kwa mama, ujue alikuwa hai mwanawe alipofariki.

Historia ya marehemu inayosomwa mazishini nayo iombe. Nakala hubaki kwa aliyeisoma.

Huenda tawi moja likashuka hadi pwani na kuishia kwa mwanamke asiye na lukolo wala ndugu. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922 tu, na wazee wengi walilelewa kulinyamazia jambo hilo. Ukihisi ndivyo ilivyokuwa, uliza ukiwa na mzee peke yenu, na usilitupe kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Vivyo hivyo kwa mtoto wa nje ya ndoa ambaye bado yu hai.

Panda Matombo kabla ya masika, njia za mlimani hazijaanza kuteleza. Daftari lako liache kwa mama yako, nakala ichukue mjomba.

Shangazi yako