Watu weusi wa Ulcinj hawakutoka Unguja, wala hawajakwisha

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nijibu makala yenu kuhusu watu weusi wa Ulcinj, mji wa pwani ya kusini ya Montenegro, karibu na mpaka wa Albania. Mwandishi wenu anasema asili yao ni Unguja, na kwamba siku hizi wamekwisha kabisa.

Hilo la Unguja najua linatoka wapi. Sisi watu wa pwani tukisikia utumwa na majahazi vinatajwa pamoja, basi tunajiona sisi tu. Lakini Ulcinj ilikuwa na njia zake. Waosmani, yaani Waturuki, waliutwaa mji huo kutoka kwa Venice mwaka 1571, na tangu hapo manahodha wake wakaishi kwa biashara na uharamia, mara nyingi mtu yule yule akifanya vyote viwili. Bandari waliyoizoea Afrika ilikuwa Tripoli, katika Libya ya leo, na huko ndiko walikonunua Waafrika waliowaleta nyumbani, hasa katika karne ya 18 na ya 19. Soko la Tripoli lililishwa na misafara ya Sahara iliyotoka Bornu na nchi za jirani na Ziwa Chad, ikipitia Fezzan, jangwa la kusini mwa Libya. Watu wa huku kwetu walipelekwa zaidi Oman, Ghuba na visiwa vya Wafaransa. Kuwapachika watu wa Ulcinj ukoo wa Unguja ni kuwanyang'anya ukoo wao mara ya pili.

Picha ya Uwanja wa Watumwa mliyoiweka juu ya makala nayo inapotosha. Ni kiwanja kidogo ndani ya mji mkongwe, kimezungukwa na vyumba vya mawe vyenye matao. Waliofungwa pale wanatajwa zaidi kuwa mateka wa baharini, Wazungu wakiwamo, wakisubiri jamaa zao walete fidia. Habari ya Waafrika walionunuliwa Tripoli ni nyingine. Na mwandishi angeacha pia kile kisa cha Cervantes, mtunzi wa Kihispania wa Don Quixote, kufungwa pale. Cervantes alitekwa mwaka 1575 akawekwa Algiers hadi 1580. Kisa hicho waachiwe wanaotembeza watalii, kinawasaidia kuuza kahawa.

Kilichonifanya nishike kalamu hasa ni hili la "wamekwisha". Ushahidi wa mwandishi ni sensa ya mwaka 2011: wilaya nzima ya Ulcinj ilikuwa na watu 19,921, Waalbania wakiwa 14,076, wanafuata Wamontenegro, Waserbia na wengine, na hakuna mstari wa weusi. Sawa, haupo. Lakini sensa ya Montenegro haimwangalii mtu rangi. Inamuuliza yeye mwenyewe anajihesabu taifa gani, na akitaka kunyamaza ana haki ya kunyamaza. Mjukuu wa baharia mweusi aliyelelewa kwa Kialbania, anayeswali msikiti mmoja na majirani, na pengine hata jina la ukoo ni la nahodha aliyemleta babu yake, unategemea ajibu nini? Atasema Mwalbania, na hadanganyi. Yumo humo humo ndani ya hao 14,076.

Sisi wenyewe sensa yetu haijauliza kabila tangu mwaka 1967. Je, Wazaramo nao wamekwisha?

Kwamba wamepungua, hilo sibishi. Meli za mvuke ziliua kazi ya majahazi ya Ulcinj. Halafu mwaka 1880 mataifa makubwa yalituma manowari kumshinikiza Sultani wa Waosmani aukabidhi mji kwa Montenegro, naye akaukabidhi. Familia nyingi za Kiislamu zikahamia Shkodër na Durrës, miji ya Albania ya leo, ambako bado kulikuwa chini ya Waosmani, na nyumba ya nahodha ikihama, waliomo ndani nao huhama. Waliobaki wakaoana na wenyeji. Hata hivyo mwaka 1958 mwanaanthropolojia Alexander Lopašić aliwaandika kama jamii iliyo hai, na Rizo Šurla, mpiga picha ambaye ndiye mweusi aliyejulikana kuliko wote mjini humo, alifariki mwaka 2003 tu. Mtu aliyemfahamu Šurla leo huenda hata hajafika miaka 40. Hii si habari ya kale ya kuandikwa kana kwamba ni ya Warumi.

Naomba mchapishe masahihisho kuhusu Unguja. Na kama mna nia ya makala ya pili, mwandishi aanzie Tripoli, ashuke Fezzan, atuambie misafara ile ilikuwa ya nani na iliwaokota wapi watu hao.

Msomaji wenu,
Tanga