Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mfuko wa Chuo

Ndugu wanachama, Bwana Yesu asifiwe.

Shughuli za kawaida mnazijua: vikao vinne, maombi ya mfungo, rambirambi Mbagala, na wanafunzi saba tuliowalipia ada. Sitazirudia.

Niende kwenye chakula cha hisani, maana ndicho kinachosemwa pembeni. Kamati iliamua, nami nikasaini, tukodi ukumbi Mwenge ili tuchangishe fedha za madarasa na karakana ya chuo kule Kisarawe. Wapo wanaosema milioni 6 na laki 4 tulizotumia zingelipa ada. Ni kweli. Lakini NACTVET, baraza la serikali linalosajili vyuo vya ufundi, haisajili chuo cha kwenye makaratasi. Wanataka waone madarasa, walimu na vifaa. Na mikopo ya serikali kwa stashahada imeanza 2023/24 tu, tena kwa fani za kipaumbele. Kijana wetu wa fani nyingine anaishia Kariakoo kuuza chaja.

Tuliagiza sahani 200, wakaja watu 93. Lawama ya kugongana na mechi ya watani nimeibeba, ingawa tarehe tuliipanga kabla ratiba ya ligi haijabadilishwa, na kamati nzima ilikuwepo. Ahadi zilifika milioni 38. Taslimu ya usiku ule ni milioni 9 na nusu. Ahadi zilizolipwa mpaka juzi, milioni 2. Keki ya tatu ilinadiwa mpaka saa sita usiku, krimu inatiririka mezani, hakuna mkono ulionyooshwa. Nikainunua mwenyewe kwa laki mbili. Mafuta ya jenereta nayo yalitoka mfukoni mwangu, na sijadai. Kwa hiyo anayesema tulikula hasara apige hesabu upya: imebaki milioni 5 na laki 1.

Ada ya uanachama ni shilingi 5,000 kwa mwezi. Tuko 86, waliomaliza ni 31, na wanakamati ambao hawamo wanajijua. Nikituma picha ya msingi kwenye kundi la WhatsApp, "Amina" zinajaa. Nikituma namba ya malipo, kimya. Hata leo, viti vya nyuma vyote vitupu.

Mwakani, Mungu akipenda, tutapandisha kuta walau zifike kwenye linta, na tutaangalia namna ya kuwafikia wafadhili.

Wenye kadi za ahadi, Mhazini yupo meza ya mlangoni na lipa namba.