Filamu za India si Bollywood peke yake

Mhariri,

Naandika kuhusu filamu za India zilizong'ara katika tamasha la Cannes, Ufaransa, Mei 2024. Filamu ya mwongozaji Payal Kapadia, All We Imagine as Light, ilitwaa Grand Prix, tuzo ya pili kwa ukubwa, nayo ilikuwa ya kwanza kutoka India kuingia katika shindano kuu baada ya miaka 30.

Wengi wetu huku pwani, tuliolelewa na nyimbo za filamu za Bombay (sasa Mumbai), tuliupokea ushindi huo kana kwamba ni wa Bollywood, na hapo ndipo ninapoona kasoro. Bollywood ni filamu za Kihindi za Mumbai, ilhali filamu hiyo inazungumzwa zaidi Kimalayalam, lugha ya jimbo la Kerala, kusini mwa India, na inahusu wauguzi wawili wa Kerala wanaofanya kazi Mumbai. Mmoja wao anapokea kifurushi kisicho na barua, ndani yake mna sufuria ya umeme ya kupikia wali iliyotengenezwa Ujerumani, nchi aliko mumewe, na usiku anaikumbatia kimya kimya. Mke wa Unguja au Lamu ambaye mumewe yuko Uarabuni ataielewa picha hiyo bila mkalimani.

Naviomba vituo vyetu vya televisheni, ambavyo tayari vinatia sauti za Kiswahili katika tamthilia za Kihindi, vinunue pia filamu za namna hii. Na waandaaji wa Tamasha la Nchi za Jahazi, Zanzibar, wazitengee walau usiku mmoja, zikiwa na tafsiri ya Kiswahili chini ya picha.

Msomaji wenu,
Mombasa