Barua ya wazi kwa mpwa wangu: mashine ya baba yako isipande kwenye mizani ya chuma chakavu

Mpwa wangu,

Habari za huko Makorora? Mama yako anaendeleaje na goti? Huku kwetu wote wazima. Ujumbe wako nimeupata. Unasema mtu wa vyuma chakavu amekuja kuitazama ile mashine ya kukereza iliyo kwenye kibanda cha nyuma, ameigongagonga, ametaja bei yake kwa kilo, na unataka kujua kama bei hiyo ni ya haki. Ningeweza kukupigia simu nikamaliza. Nimeamua kuandika hadharani kwa sababu wewe si wa kwanza kuniuliza. Mji huu wa Tanga umeishi kwa reli, bandari na mkonge tangu enzi za Mjerumani, na mafundi wa karakana za reli na wa korona, yaani viwanda vya kusindika mkonge, walipostaafu waliacha vitu majumbani ambavyo watoto wao hawajui wavifanyeje.

Jibu langu ni kwamba usiiuze. Bei ya kilo hainihusu, hata akiipandisha.

Yule bwana anapima uzito, na uzito ni wa chuma cha kusubu cha kawaida tu. Thamani ya mashine ile iko kwenye unyoofu. Kile kitanda chake kirefu kimesagwa kiwandani mpaka kikanyooka kwa kipimo ambacho jicho halikioni, na spindeli, ule mhimili unaozunguka, imelazwa sambamba nacho. Kwa sababu hiyo kipande cha chuma kinachozunguka kwenye chaki, zile taya zinazokishika, kinatoka duara kamili, na kipenyo cha mwanzo wake ndicho kipenyo cha mwisho wake. Ikishavunjwa kwa nyundo na kutupwa kwenye tanuri, unyoofu huo haurudi.

Shemeji yangu, Mungu amrehemu, aliinunua kwenye mnada wa shamba la mkonge njia ya Korogwe. Ni Myford ML7, iliyotengenezwa Beeston, karibu na Nottingham, Uingereza. Aina hiyo ilitoka mwaka 1946, vita vilipokwisha, na ilikusudiwa hasa watu wenye karakana ndogo nyumbani. Kutoka kitandani hadi katikati ya chaki ni inchi 3½, kwa hiyo inazungusha kitu cha kipenyo cha inchi 7, yaani milimita 178 hivi. Ina spidi sita: tatu za puli, na tatu nyingine zinazopatikana ukiunganisha gia ya nyuma, ambayo inaipunguza kasi na kuiongezea nguvu. Mota yake ni ndogo, umeme wa nyumbani unaitosha. Huhitaji umeme wa njia tatu. Ile skrubu ndefu ya mbele ina thredi, yaani mistari ya skrubu, 8 kwa inchi, na kwa kubadilisha gia pembeni unaweza kukata thredi nyingine yoyote ya kawaida. Ukitaka 16 kwa inchi, unapanga gia ili skrubu izunguke mara moja wakati spindeli inazunguka mara mbili. Henry Maudslay alikuwa na mashine ya kukata skrubu kwa kanuni hiyo mjini London karibu mwaka 1800, na kabla ya hapo bolti na nati zilipatanishwa mojamoja, kila nati na bolti yake. Mashine ya ukoo huo imo kibandani kwenu imefunikwa na gunia.

Sasa nije kwenye lile ambalo najua linakusumbua zaidi ya bei. Uliandika: “Mjomba, lakini itaniingizia nini?”

Huenda isikuingizie chochote, na bado nasema ibaki. Watu watakushauri ufungue kiofisi, ukereze bushi za pikipiki na pini za bajaji. Ukitaka siku moja, fanya, ni kazi ya heshima. Lakini usianze hivyo. Mashine hii ni ndogo na ni ya taratibu. Ukiipa kazi za haraka za wateja utaichosha, na utajifunza kuichukia. Mtu wa Ngamiani anafuga njiwa miaka na miaka, mwingine anakaa barazani na bao lake kila alasiri, na hakuna anayewauliza faida. Kwa nini anayetengeneza injini ndogo kwa mikono yake, kwa raha yake, baada ya kazi, aonekane anapoteza muda? Mimi naona kijana anayejua kufikia kipimo cha milimita 0.02 kwa kisu cha mashine alichokinoa mwenyewe ana utajiri ambao mshahara hauupi na kufukuzwa kazi hakuuondoi.

Na wala hutakuwa peke yako duniani. Mwaka 1898 bwana mmoja wa London, Percival Marshall, alianzisha jarida la watu wa namna hii, ambao mchana wana kazi zao nyingine na usiku wako kwenye vibanda vyao wanatengeneza injini za mvuke zinazofanya kazi kweli. Mwaka huohuo chama chao cha kwanza kikaundwa. Miaka ya 1920 palizuka ubishi mkubwa kati yao: je, kichwa cha treni cha kuchezea mezani kinaweza kuchoma makaa ya kweli na kumvuta mtu mzima? Mwandishi mmoja aliyejiita LBSC alikileta chake, kiitwacho Ayesha, kinachokwenda kwenye reli ya upana wa inchi 2½ tu, na kikavuta. Tangu hapo hakuna aliyebisha.

Wewe usianze na treni. Anza na injini ya silinda moja inayoyumba. Haina valvu kabisa, na ndiyo maana naipenda kwa mwanafunzi. Silinda imeshikiliwa kwa pini kwenye kibao cha chuma, na kadiri kranki, yaani mhimili wa injini, inavyozunguka, fito ya pistoni inaiyumbisha kulia na kushoto. Silinda ina tundu moja mgongoni. Kibao kina matundu mawili. Ikiyumba upande huu, tundu lake linakutana na lile la kuingiza mvuke na pistoni inasukumwa. Ikiyumba upande wa pili, linakutana na lile la kutolea na mvuke uliokwisha kazi unatoka. Spring ndogo kwenye pini inaibana silinda isiachane na kibao. Basi, injini nzima ni hiyo.

Vifaa vyake vyote vimo mjini. Brasi ya silinda utaipata kwenye valvu kubwa ya maji iliyotupwa. Kranki, fimbo laini ya chuma iliyotoka ndani ya printa mbovu, hizo zimesagwa vizuri sana tayari. Fito ya pistoni ni spoki ya baiskeli, unene wake milimita 2, na kwa mji wa baiskeli kama wetu spoki haziwezi kukosekana.

Tundu la silinda lifanye milimita 12. Pitisha kwanza biti ya 11.5, kisha malizia kwa kisu cha ndani, kidogo kidogo, na mara ya mwisho kirudishe kisu ndani bila kukisogeza, kikwangue kile ambacho kisu kilikikwepa mara ya kwanza. Kisu cha brasi kiwe bapa juu. Ukikinoa kwa mteremko kama cha chuma, brasi itakivuta na kitazama. Angalia pia ile pete yenye mistari kwenye mkono wa kusogezea kisu. Mstari mmoja ni elfu moja ya inchi, milimita 0.025, na ukisogeza mstari mmoja kipenyo kinapungua miwili, maana kisu kinakula pande zote za kitu kinachozunguka. Tena mkono huo una ulegevu. Ukipitiliza, usirudi nyuma kidogo tu ukaridhika. Rudi mzunguko mzima, kisha uje mbele mpaka kwenye mstari unaoutaka.

Pistoni yako imekaa sawa ikiwa, baada ya kupakwa mafuta mepesi, inateremka yenyewe ndani ya silinda polepole kwa uzito wake, na ukiziba tundu la mgongoni kwa kidole inasimama papo hapo. Ukiachia kidole, inaendelea kushuka. Siku utakayoliona hilo, niite hata kama ni usiku.

Kuhusu spidi: kwa chuma laini na kisu cha hai-spidi, yaani cha chuma kigumu cha kukatia, chukua mita 25 kwa dakika. Zidisha kwa 1,000, gawanya kwa kipenyo mara 3.14. Kipande cha milimita 20 kinataka mizunguko 400 hivi kwa dakika, brasi inavumilia zaidi ya mara mbili ya hapo. Chagua puli iliyo karibu, usihangaike na usahihi zaidi.

Haya yanayofuata ni amri za mjomba, si ushauri. Usisogelee mashine inayozunguka ukiwa umevaa msuli au shati la mikono mirefu. Vaa suruali na fulana iliyokubana. Glovu usivae kamwe. Glovu ikinaswa, mkono unaifuata. Miwani muda wote, kwa sababu brasi hairuki kwa vipande vikubwa, inaruka kama vumbi la sindano. Ufunguo wa chaki ukishabana kipande, uutoe kabla hujauachia mkononi. Usiuache kwenye chaki hata kwa sekunde, maana mashine ikiwashwa hujui utaruka upande gani. Na chaki ya Myford imefungwa kwa thredi, haina bolti, kwa hiyo usikate kipande kwa kuizungusha kinyume. Inaweza kujifungua ikadondoka.

Injini ikiwa tayari, iendeshe kwa pampu ya baiskeli. Hewa inatosha. Boila ni jambo la baadaye, na tutalifanya pamoja: la shaba nyekundu, lililoungwa kwa fedha na si kwa risasi, na kabla halijaonja moto tutalijaza maji mpaka pomoni na kulipima kwa presha mara mbili ya ile ya kazi. Kwa maji, hatupimi kwa hewa. Maji hayabanwi, hivyo boila likipasuka linavuja tu. Hewa iliyobanwa ikipata upenyo inalipuka.

Nikueleze na ndoto yangu, maana nimeibeba muda mrefu na sijapata wa kuibeba naye. Reli yetu, iliyoanza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe 1902, Mombo 1905 na Moshi 1911, ina upana wa milimita 1,000. Waingereza wanaotengeneza treni ndogo wanatumia sana reli ya inchi 5 kwa mifano ya treni zao za milimita 1,435, yaani wanaipunguza mara 11.3. Sasa chukua reli yetu, ipunguze kwa kiasi kilekile: unapata inchi 3½ karibu sawasawa, ambayo nayo ni kipimo chao cha kawaida cha zamani. Kwa hiyo mtu wa Tanga anaweza kutengeneza kichwa cha treni cha Afrika Mashariki kwa inchi 3½ akatumia geji, valvu na pampu zilezile ambazo wao wanaziweka kwenye treni zao za inchi 5, na kila kitu kikalingana kwa macho. Nilipoipiga hesabu hiyo nilifurahi kama nimeokota hela.

Kichwa ninachokitamani ni kimoja cha daraja la 59 la reli ya Afrika Mashariki, yale ya Garratt yaliyotengenezwa na Beyer Peacock, Manchester, katikati ya miaka ya 1950. Yalikuwa 34, kila kimoja tani 252, na hakuna kichwa cha mvuke cha reli ya mita kilichowahi kuyazidi nguvu. Yalipewa majina ya milima. Kazi yao ilikuwa njia ya Mombasa na Nairobi, hayakuwa ya Tanga, lakini namba 5930, ambacho bado kimehifadhiwa Nairobi kwenye makumbusho ya reli, kinaitwa Mount Shengena. Shengena ni mlima wa Pare, na reli ya Tanga kwenda Moshi inapita chini ya milima hiyo. Kwa kipimo chetu kingekuwa na urefu wa karibu mita 3. Hakiingii kibandani, najua. Tungekifanya vipande vitatu, kama Garratt zenyewe zilivyo.

Lakini kwanza mashine isimame. Ivue hilo gunia na turubai la nailoni lililo juu yake. Upepo wa bahari unaingiza unyevu chini ya nailoni na chuma kinatoka jasho. Funika kwa shuka kuukuu la pamba lililopanguswa kwa oili. Waya wa umeme ubadilishwe wote, usiuonee huruma. Beringi za spindeli yake hazina gololi, ni za metali nyeupe, laini, na zinaishi kwa mafuta tu, kwa hiyo usiwashe mpaka uhakikishe vile vikombe viwili vya mafuta vya juu vinadondosha. Izungushe chaki kwa mkono kwanza mpaka uone mafuta yanachungulia pembeni.

Na ukipita kwa mafundi wa mashine za kusaga, niulizie puli kuukuu ya chuma cha kusubu, ya inchi 3 au 4, hata kama mfereji wa mkanda umelika. Hiyo ndiyo itakuwa gurudumu la injini yako. Isiwe na ufa, igonge kwa bisibisi uisikilize kabla hujalipa.

Mjomba wako