Kinyama cha tezi dume hakisafirishwi kwa maji ya dripu

Wiki jana kijana mmoja aliinua sauti pale mapokezi ya maabara yetu ya tishu hapa Kisumu mpaka waliokaa kwenye benchi wakaacha simu zao. "Mmekula pesa ya mzee wangu na jibu hakuna!" Jibu lilikuwepo, kwenye karatasi aliyoishika: tishu imeharibika, haisomeki. Kwake hilo si jibu, na simlaumu. Lakini lawama hii tumeizoea sasa, basi niieleze hapa kuliko kubishana naye kaunta.

Sampuli ilitoka kliniki moja upande wa Siaya. Ilichukuliwa Ijumaa, ikatiwa kwenye maji ya dripu ili kuokoa pesa ya formalini, dawa ya kuhifadhi tishu, ikakaa dirishani wikendi nzima, Jumatatu ikapanda matatu hadi Kisumu. Maji ya dripu ni ya mshipa wa mtu aliye hai. Kinyama kikishatoka mwilini, seli zake huanza kujimeng'enya zenyewe, na joto letu hili la ziwani linaharakisha kazi. Kinachozuia ni formalini ya asilimia 10, tena iwe nyingi, mara kumi ya kinyama chenyewe. Spiriti hukikausha na kukikunja. Friza ndiyo mbaya kabisa, barafu inapasua seli. Kuna mama alituletea kipande cha kibofu ndani ya chupa ya jemu, kimeoshwa vizuri na kupanguswa kikakauka. Nia yake ilikuwa njema kabisa.

Sindano ya tezi dume hutoa nyuzi nyembamba za nyama, unene haufiki hata milimita mbili. Kwa kawaida daktari huchukua 10 hadi 12, kulia na kushoto, kuanzia juu karibu na kibofu mpaka nchani. Hapo ndipo tunaposikia: "Chupa zote hizo za nini? Weka pamoja tulipie moja." Nyuzi husokotana kama tambi, zikakatika. Daktari wetu akiona saratani kwenye kipande kimoja, hawezi kusema ni ya upande gani wala ni nyuzi ngapi zilizoguswa, na daktari wa mkojo anayataka hayo ili aamue kama atapasua, atampeleka mzee kwenye tiba ya miale, au atamfuatilia tu kwa vipimo. Nimewahi kukesha na vibanzi vya namna hiyo nikijaribu kuhesabu nyuzi. Sikufaulu.

Kuhusu bei. Watu wanatulinganisha na PSA, kipimo cha protini ya tezi dume. Ile ni damu, mashine, na majibu baada ya muda mfupi, na PSA hupanda hata tezi ikivimba tu au mkojo ukiwa na maambukizi. Huku kwetu kila uzi unalala usiku mzima ukitolewa maji kwa alkoholi na kuingizwa nta, kesho yake tunaukata kwa unene wa mikroni 3 au 4 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), tena katika ngazi kadhaa, maana saratani inaweza kuwa vitezi vichache vilivyojificha pembeni. Kisha unapakwa rangi ya zambarau na ya waridi, na daktari anakaa na darubini. Akishuku, anaagiza rangi za kingamwili, zinazosaidia kutofautisha seli za kawaida na za saratani, na hizo ndizo zinazoongeza siku na gharama. Mimi naona bei yetu ni ya huruma, ingawa najua niko peke yangu.

Mzee mwingine, wa Kakamega, aliona tumemdanganya kwa njia tofauti. Maabara ya kwanza ilimwandikia Gleason 7, yaani alama ya ukali wa saratani, sisi tukaandika 4+3=7, kundi la 3. Akapiga simu usiku: "Kijana wangu, kwa hiyo imefika steji ya tatu?" La, mzee. Donald Gleason wa Marekani, aliyebuni hesabu hii miaka ya 1960, aliangalia jinsi vitezi vilivyojipanga: mpangilio uliotawala huandikwa kwanza, kisha unaofuata. Kwa hiyo 3+4 na 4+3 zote ni 7, lakini ya pili ni kali zaidi. Makundi 1 hadi 5 yalikubaliwa na wataalamu mwaka 2014 ili tofauti hiyo isipotee. Steji ni habari ya saratani imeenea mpaka wapi, na hiyo hutafutwa kwa uchunguzi wa daktari na picha. Tulimpa slaidi na bloku zake, yaani vile vipande vya nta vyenye tishu, zikasomwe kwingine, hakuchomwa sindano tena. Bloku za nta tunazitunza kwa sababu hiyo hiyo.

Na wa mkojo wa kutafuta seli za saratani, tafadhali msilete ule wa kwanza wa asubuhi. Seli zimekaa humo usiku kucha, zimeshachakaa. Leteni unaofuata.

Yule kijana wa Siaya amerudi juzi. Baba yake amechomwa upya: antibiotiki upya, nauli upya, siku tatu za kukojoa damu. Safari hii alipitia kwetu kwanza kuchukua chupa za formalini, ambazo hatuuzi, na kila moja ikarudi imeandikwa jina, upande na saa. Alipofika kulipa, akaomba apunguziwe.