Barua kwa Yaya: natembea hadi Lobito bila kutoka Lubumbashi

Yaya, dada yangu mkubwa, salama? Shemeji salama?

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza hadi mwisho. Kwa kuwa uliuweka kwenye kundi la familia, na kila mtu kuanzia Likasi hadi Brussels ameusikia, nami nakujibu mbele ya watu. Unasema nawaaibisha. Mtu aliyestaafu reli, mwenye wajukuu, kila asubuhi anaonekana kwa miguu katika mitaa ya Kamalondo na Kenya hapa Lubumbashi kama aliyekosa nauli, halafu jioni anafungua daftari na kuwaomba watu pesa. Na huko Kolwezi unaulizwa kama watoto wangu wamenitupa.

Nauli ninayo, Yaya. Watoto hawajanitupa. Aliyekuhadithia habari hii ameipinda, basi nikunyooshee.

Kuna mchezo, kama si mchezo ni kazi, wa kutembea safari ndefu kwa simu. Unachagua njia yoyote duniani, unatembea mtaani kwako, na kilomita zako zinahesabiwa kwenye ramani ya njia ile mpaka ufike. Wanaokupenda wanaahidi kiasi fulani kwa kila kilomita, na pesa inakwenda kwa wenye shida mliyokubaliana. Waingereza wana yao maarufu, kutoka Land's End hadi John o' Groats, ncha mbili za kisiwa chao, zaidi ya kilomita 1,400 kwa barabara. Wengine wanatembea njia ya mahujaji ya Santiago, Hispania, na usiku wanalala kitandani mwao. Mwanao yule aliye Ulaya ndiye aliyenitumia hiyo ya Waingereza akaniambia, "Manseba", yaani mjomba, "jaribu." Nikaitazama ramani. Majina mazuri, lakini hakuna hata moja lililoniita.

Mimi njia yangu ilikuwa imenisubiri ukutani, ofisini, miaka yote ya kazi. Unaikumbuka ile ramani ya reli? Mstari unatoka hapa, unakata Tenke, unapita Kolwezi kwako, unafika Dilolo, halafu unavuka kuingia Angola na kushuka moja kwa moja hadi Lobito, kwenye bahari. Wazee walionifundisha kazi walikuwa wanaitaja Lobito kama watu wa siku hizi wanavyoitaja Kasumbalesa: pa kwenda na kurudi. Lakini vita vya Angola vilikata njia mwaka 1975, na mimi niliingia kazini baadaye. Shaba yetu ikabidi izunguke, kwa treni hadi Ilebo, kwa mashua mtoni hadi Kinshasa, kwa treni tena hadi Matadi. Au ishuke kusini kupitia Zambia. Mstari ule wa Lobito ulibaki umechorwa tu, wino mweusi kama mingine yote, na kila kijana mpya aliuliza mbona hakuna hata karatasi moja ya mzigo wa kwenda huko.

Basi nimeuchukua huo. Nimeanzia mpakani, kwa sababu kutoka hapa hadi Dilolo nimepita kwa kazi, sihitaji kupahesabu. Kutoka Luau, mji wa mpakani upande wa Angola, hadi Lobito ni kilomita 1,344. Nikitembea kilomita 5 kwa siku, ni miezi 9.

Simu yenyewe ilitaka kuniharibia hesabu tangu mwanzo. Ilidhani nina hatua ya kijana, ikawa inanigawia kilomita nisizozitembea. Nikaenda kwenye njia ya miguu kando ya reli, pale ambapo nguzo za kilomita bado zimesimama, nikatembea kutoka nguzo hadi nguzo nikihesabu kwa mdomo kama mtoto wa shule. Hatua 1,540. Hiyo ndiyo kilomita yangu mimi na magoti yangu. Nikaiandikia simu hivyo, ikatii. Kuna na vituko vingine. Ukipanda pikipiki kwenye barabara ya mashimo, simu iliyo mfukoni inaruka na kuhesabu hatua, kwa hiyo siku ya pikipiki naizima. Na mjukuu wangu wa mwisho, yule mjanja, nilimkuta amekaa chini ya mwembe anaitikisa kwa mkono wa kulia huku mkono wa kushoto unakula karanga. Aliniambia ananisaidia. Umeme ukikatika usiku mzima na simu ikafa, naandika kwenye daftari. Daftari hilo hilo unaloliona ni la ombaomba.

Usifikiri pia kwamba nafukuzana na zile hatua 10,000 ambazo kila muuza saa anazitangaza. Hesabu hiyo ilianza na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Ilikuwa biashara kabla haijawa dawa. Watafiti waliokusanya data za tafiti 15 na kuzichapisha katika Lancet Public Health mwaka 2022 waliona kwamba kwa sisi wa miaka 60 na kuendelea, faida inapanda hadi kati ya hatua 6,000 na 8,000 kwa siku, baada ya hapo haiongezeki sana. Kilomita zangu 5 ni hatua 7,700. Daktari wa presha ameridhika, na mkanda wa suruali umerudi tundu lake la zamani.

Lakini hilo la afya ni langu. Lililonifanya niwafungulie watu daftari ni jingine.

Jirani yangu wa pili ana mjukuu SS, yaani mwenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Nilikuwa nalisikia jambo hili kama wewe unavyolisikia, kwa sikio moja. Mwaka jana katika baridi ya mwezi wa sita, usiku, bibi yake aligonga mlango wangu akitafuta mtu wa kutoa damu. Mtoto alikuwa amelala mgongoni mwake, macho ya njano kama mtu wa homa ya manjano, na vidole vimevimba hadi ngozi inang'aa. Hakuwa analia tena. Alikuwa anakunja mdomo kila bibi alipopiga hatua. Tulifika hospitali, nikakunja shati nikatoa mkono. Muuguzi akatazama mwaka wangu wa kuzaliwa kwenye kadi, akatabasamu, akanirudishia kadi. "Mzee, wewe umri umepita. Tuletee kijana."

Kijana tulimpata, tena saa tisa za usiku, na damu ikalipiwa kwa pesa iliyokopwa. Mtoto yupo, anacheza. Lakini nilipoanza kuulizauliza nikakuta kwamba usiku ule ungeweza kuzuilika, au angalau kuchelewa. Mtoto wa SS anahitaji penisilini kila siku akiwa mdogo, asidi ya foliki, kinga ya malaria, maji ya kutosha, na nguo za joto, kwa sababu baridi huamsha yale maumivu. Kuna na dawa iitwayo haidroksiurea inayopunguza maumivu hayo na kupunguza haja ya kuongezewa damu. Na nchi yetu ya Kongo inahesabiwa ya tatu duniani kwa watoto wanaozaliwa na ugonjwa huu, baada ya Nigeria na India. Kwa hiyo jirani yangu hayuko peke yake barabarani.

Sasa Yaya, tuongee mimi na wewe. Unasema kuomba pesa ni aibu. Nani katika ukoo huu anayejua kuchangisha kukushinda wewe? Mtu akifa Katuba saa kumi na moja alfajiri, saa mbili tayari una orodha: sanduku, viti, turubai, mifuko ya unga wa bukari, gari la kwenda makaburini. Hakuna anayekukatalia. Hata yule mjomba ambaye hajawahi kulipa deni katika maisha yake, kwenye kilio analeta. Tunatoa kwa maiti kwa mikono miwili. Kwa mgonjwa tunatoa kwa mmoja. Na kwa yule ambaye bado hajaugua, ambaye franka chache za vidonge zingemtosha, hatutoi chochote, tunasema Mungu yupo.

Nilijaribu kuomba hivyo hivyo bila kutembea. Watu wakanisikiliza kwa heshima wakaniambia "tutaona". Ndipo nikaelewa kwamba kilio kina kitu kimoja ambacho mtoto mzima hana: kina siku. Leo usipotoa, kesho wanazika, na utaonekana. Kutembea kunanipa siku. Nikisema Jumapili naingia Luena, stesheni ya njiani huko Angola, aliyeahidi anajua Jumapili ni yeye. Nikisema Munhango, kijiji alikozaliwa mwaka 1934 Jonas Savimbi, yule kiongozi wa waasi wa Angola, wazee wenzangu wa reli wanaanza kubishana kuhusu vita, na wakiwa wanabishana nawapitishia daftari.

Kwa hiyo silipishi mwishoni, nalipisha kwa stesheni. Ukiahidi franka 100 kwa kilomita, safari nzima itakugharimu franka 134,400, na unatoa kidogo kidogo kadiri ninavyosogea. Pesa haigusi mfuko wangu. Kina mama wenye watoto wa SS wana kikundi chao, wana mweka hazina wao na simu yao ya kupokelea, na kila stesheni wanasoma hesabu mbele ya wote waliotoa. Niliwasisitizia hilo kwa sababu ya yule mzee wa Uingereza, Kapteni Tom Moore. Mwaka 2020, akiwa na miaka 99, alitembea urefu wa bustani yake mara 100 akishikilia kigari cha kutembelea. Alitaka pauni 1,000 kwa ajili ya wahudumu wa afya, akapata zaidi ya milioni 30. Hizo zilifika. Lakini taasisi iliyoundwa baadaye kwa jina lake ilichunguzwa na wakaguzi wa serikali, na ripoti ya 2024 ikasema familia ilijinufaisha. Mzee mwenyewe alikuwa ameshafariki. Jina zuri linahitaji daftari zuri zaidi.

Wenzangu watatu wa reli wamejiunga. Mmoja alikuwa dereva wa treni, hajazoea kwenda polepole hivi, analalamika kila kona. Yeye ndiye aliyetuambia kwamba zamani injini za Benguela, ndilo jina la reli hii ya Lobito, zilikuwa zinachoma kuni za mikalitusi iliyopandwa kando ya njia, na tangu siku hiyo tukipita chini ya mkalitusi wowote hapa mjini anavuta pumzi kwa nguvu na kutangaza tumefika Huambo. Bado. Huambo ni zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari. Nikifika huko kwa kweli mtasikia, kwa sababu baada ya hapo ni kushuka. Desemba 2024 Rais Joe Biden wa Marekani alikwenda Lobito kwa ajili ya reli hii hii na madini ya huko kwenu. Yeye alifika kwa ndege, hakuna aliyemuuliza kama watoto wake wamemtupa.

Nakuandikia kwenye mstari wako franka 200 kwa kilomita, kwa sababu wewe ni mkubwa. Ukiona ni nyingi, nipigie simu, lakini usiseme kwenye kundi.

Na jambo moja si la daftari. Yule mjukuu wako anayefunga ndoa mwezi wa nane: yeye na mchumba wake wapime damu kabla, kile kipimo cha elektroforesi kinachoonyesha nani ni AS na nani ni SS. Mtu wa AS, aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu, anaonekana mzima kabisa. Wakikutana AS wawili, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta SS. Najua mahari imeshaanza kulipwa na kwamba utasema naleta mkosi. Wapime hata hivyo, wajue wanaingia wapi. Gharama ya wote wawili nalipa mimi, kwa pensheni yangu, na ukiwatuma Lubumbashi nitawapeleka mwenyewe hadi mlangoni. Kwa miguu, si mbali.

Mdogo wako wa Lubumbashi