"Mmeniuzia mawe": jibu letu kuhusu mfuko wa pamisi

Jumatano iliyopita, siku ya gulio hapa Tengeru, Arusha, tunakouza pamisi ya kusia mbegu badala ya udongo, mama mmoja alishuka kwenye bodaboda na trei mbili zimefungwa kwa mpira nyuma ya kiti. Hakusalimia. Aliziweka mezani na kusema mbele ya wateja wengine: "Mmeniuzia mawe. Elfu kumi na nane, mawe." Ndani ya trei kulikuwa na miche ya nyanya iliyoota vizuri, karibu kila tundu, ila imedumaa. Majani yamekuwa rangi ya limau, vishina vyembamba, na kwa chini vina rangi ya zambarau. Tangu kusiwa kwa mbegu ilikuwa na siku 24.

Sikukasirika sana, maana lawama hii huja kila mwaka ikifika Juni, watu wanapoanza kusia mbegu ndani ya nyumba kukwepa baridi. Na kusema kweli mama hakukosea. Ni mawe. Pamisi ni jiwe la volkano lililotoka likiwa limejaa gesi, likapoa haraka, likabaki na vitundu vitundu kama andazi lililoumuka. Likiwa kavu linaelea majini. Vitundu hivyo vinashika maji huku hewa ikipita katikati ya punje, na mzizi mchanga unahitaji vyote viwili. Waridi nyingi za mashamba ya maua hupandwa kwenye jiwe hilihili.

Sasa kwa nini mtu aache udongo wa bure shambani anunue mawe? Mzee wetu mmoja wa Kilala alinieleza vizuri kuliko ninavyoweza kueleza mimi. Alichota udongo chini ya migomba, mweusi, laini, wa kutamanisha, akachanganya na samadi, akasia hoho chotara. Ziliota. Siku ya tatu baada ya kuota, upande mmoja wa trei ukawa umelala, kesho yake upande wa pili. Shina limebanwa pale linapogusa udongo kama limefungwa uzi. Hicho ni kinyausi, na vimelea vyake vinaishi kwenye udongo na kwenye samadi isiyoiva. Huyo angalau alijua siku ileile. Wanaoumia zaidi ni wale ambao udongo wao una minyoo fundo, vijiminyoo vinavyovimbisha mizizi, au mnyauko bakteria. Miche inaonekana mizima, inahamishiwa shambani, na ugonjwa unaingia nayo shamba zima. Mnyauko ukishaingia kwenye shamba la nyanya hautoki kwa msimu mmoja wala miwili. Jiwe lililooshwa halina mambo hayo.

Lakini jiwe halilishi. Hapo ndipo yule mama alipokwama, na ndipo wanapokwama wengi. Mbegu ina akiba yake ndani, kama yai. Inatosha kuitoa nje na kufungua yale majani mawili ya kwanza, basi. Kwenye udongo mche ukimaliza akiba unakuta chakula kingine. Kwenye pamisi unakuta maji. Ukimwagilia maji matupu siku 24 unautunza mche wenye njaa, na rangi ile ya zambarau ni njaa ya fosforasi.

Kwa hiyo, jani la kwanza halisi likichungulia, lile lenye meno meno lisilofanana na yale mawili ya mwanzo, anza kulisha. Mbolea ya NPK 19:19:19, ile inayoyeyuka yote. Hatumpi mteja mambo ya mizani. Kizibo cha soda kilichojaa sawasawa hubeba kama gramu 5. Kizibo kimoja kwenye keni ya lita 10, wiki ya kwanza. Baadaye vizibo viwili. Kila umwagiliaji wa tatu uwe maji matupu, kuosha chumvi inayobaki. Kama miche itakaa zaidi ya wiki nne, kama hoho, ongeza kalsiamu naitreti siku nyingine, kwenye keni nyingine. Ukizichanganya zikiwa nzito zinagandana na hazifai tena. Na si urea, tafadhali. Kijana mmoja wa Usa River aliweka kizibo cha urea kwenye lita moja "ili iwahi". Iliwahi kweli. Jioni ilikuwa kahawia.

Karatasi yenye maelezo haya imo ndani ya kila mfuko. Nimeshaikuta mara mbili imefungia vitumbua.

Njia ya mkato inayotuumiza kichwa zaidi, hata hivyo, si ya mbolea. Ni ya moramu. Mteja anaangalia mfuko wetu, anakumbuka lundo la moramu kando ya barabara karibu na kwake, anasema hii si ileile? Hapana, ingawa ni ndugu. Mawe ya volkano yanayopondwa kwa ajili ya barabara na matofali yanakuja na unga mwingi, na unga ndio adui. Unajaza nafasi kati ya punje, unashuka chini ya tundu, unaziba kile kitobo cha kutolea maji. Juu panakauka, chini ni tope. Unga wa mawe haya, pozolana, ndio unaochanganywa kwenye saruji. Sasa jiulize kwa nini mizizi haiupendi. Kaka mmoja wa Maji ya Chai alijaza trei 30 kwa moramu ya bure, akasia kabichi, na alipotaka kuhamisha, vijiti vya miche vilikatikia mkononi na mizizi ikabaki ndani. Alinunua miche kwetu wiki hiyohiyo, siku sita nyuma ya majirani zake. Kabichi ya siku sita nyuma inakuta soko limeshajaa.

Tunachofanya sisi ni hiki. Tunachekecha mara mbili: chekeche la kwanza linatoa mawe makubwa, la pili linatoa unga, tunabaki na punje za milimita 1 hadi 3. Halafu tunaosha mpaka maji yatoke safi, kwa kawaida mara tatu. Katika madebe kumi yanayoingia, yanayobaki ni manne au matano. Mengine tunawapa mafundi wa matofali karibu bure.

Na bei tuihesabu, maana elfu kumi na nane imesemwa sana. Mfuko ni lita 50. Unajaza trei kama 20 za matundu 200, yaani miche 4,000. Hiyo ni shilingi nne na nusu kwa mche. Mbegu moja ya hoho chotara inazidi hapo mara kumi na zaidi. Halafu jiwe haliozi. Msimu ukiisha unaokota mizizi, unaosha, unamwagia maji yanayochemka, unasia tena. Tuna wateja wanaotumia mfuko uleule mwaka wa tatu, na hao ndio wasiolalamika bei, ingawa kwa biashara yangu ni hasara.

Kokopiti, ile ya makumbi ya nazi yaliyosagwa, nayo ni nzuri, tunaiuza pia, sisemi vibaya. Ila kama haikuoshwa ina chumvi ya pwani, na huoza kidogo kidogo. Pamisi tupu ina kasoro yake ambayo sifichi: mche ukiung'oa, punje zinaanguka, mzizi unabaki uchi. Kwa anayesafirisha miche mbali tunachanganya sehemu tatu za pamisi na moja ya kokopiti, ishikane. Anayepanda hapohapo nyumbani hana haja. Amwagilie nusu saa kabla, asukume kutoka chini kwa kidole, asivute shina.

Juu ya mbegu tunanyunyiza vemikulaiti kidogo, na kuna dada aliniuliza kama kweli inaleta kansa. Habari hiyo ina chanzo: mgodi wa Libby, Montana, huko Marekani, ulikuwa na asbesto ndani ya vemikulaiti yake, watu wakaumia, na ulifungwa 1990. Vemikulaiti yenyewe ni aina ya ulanga unaopashwa moto mpaka unavimba. Vumbi lake, kama la pamisi, usilivute. Lowesha kwanza kabla hujamimina.

Kulowesha kuna sababu nyingine. Pamisi kavu ukiisia halafu ukamwagilia, punje zinaelea na mbegu zinaelea nazo, nyanya zote zinakutana kona moja. Iloweke usiku kucha, jaza trei, fukia mbegu nusu sentimita, funika kwa nailoni. Arusha tuko kama mita 1,400, na usiku wa Julai unashuka hadi nyuzi 12 au 13. Nyanya inataka 20 na zaidi. Juu ya friji panafaa, au rafu ya ukuta wa jikoni. Wateja wetu wa Moshi mjini, walio chini zaidi, wengi hawahitaji hata kuingiza ndani. Nyanya hutoka siku ya sita hadi ya nane, hoho inaweza kwenda wiki mbili, usiichimbue kuangalia.

Ikitoka tu, siku hiyohiyo, toa nailoni na peleka barazani. Jua la kwetu linapita utosini, haliingii dirishani. Sebule unayoiona ina mwanga, kwa mche ni giza, na ndiyo maana mnaniletea miche mirefu, myeupe, imelala kama tambi. Mchana nje kwenye kivuli chepesi, usiku ndani.

Wa Ngarenanyuki nina neno lenu peke yenu. Maji ya upande wenu yana floridi na magadi, mnajua. Udongo unavumilia kidogo, jiwe halivumilii. Jani jipya likiwa njano na mishipa imebaki kijani, si njaa, ni madini ya chuma yamefungwa na maji, na mbolea zaidi haitasaidia. Kingeni maji ya mvua. Ndoo mbili za lita 20 zinabeba trei chache wiki nzima.

Na sisi tuliwahi kukosea. Masika ya mwaka juzi mawe yalikuja yamelowa, unga umeganda, tukaosha mara moja tukaona yametakata. Yalipokauka mifukoni unga ukarudi. Mifuko 11 ilikwishauzwa. Tuliwapigia wote, tukabadilisha, na mmoja tulimlipa mbegu. Tangu hapo hatuoshi mawe mabichi hata kama foleni ni ndefu, kwa hiyo mkiambiwa mzigo hakuna, mvua imenyesha.

Trei za yule mama tulibaki nazo. Tulizilisha kizibo kimoja kwa keni, na Jumatatu jani la tatu lilikuwa limetoka kijani. Njano ya majani ya chini haitarudi, hayo yataanguka. Mama, kama unasoma, zipo kwenye meza ya pili kutoka mlangoni, njoo Jumamosi kabla ya saa sita, na uje na kitambaa cha kuzifunika. Bodaboda inazikausha njiani.